Draivu D Imekwenda Wapi?

Karani wa ushirika mmoja wa wavuvi hapa Tumbe, Pemba, aliniletea laptopu yake ikiwa imeviringishwa kanga, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Jana yake ilikuwa "imepigwa Windows". Zamani ilikuwa nzito, ukiibonyeza unaweza kwenda kusali ukarudi. Sasa inawaka upesi kweli. Ila draivu D haionekani. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mauzo za miaka sita, majina ya wanaodaiwa nyavu, na picha za harusi mbili za wanawe. Fundi alimhakikishia kwamba kila kitu kiko salama. Nadhani alikuwa akizungumzia Windows.

"Yakhe, wewe si ulinambia vitu niweke D ili visipotee?" karani aliniuliza.

Ni kweli nilimwambia, na ushauri huo ndio ulionifanya niandike makala haya. Wengi wetu tuliaminishwa kwamba C ni ya kompyuta na D ni ya mwenyewe, kana kwamba ni diski mbili. Ni diski moja. Imekatwa kizigeu katikati, na kizigeu chenyewe hakina ukuta wala mlango. Ni tarakimu zilizoandikwa mahali fulani, zinazosema huyu anaanzia hapa, yule anaanzia pale. (Mafundi wa Pemba husema patisheni. Kizigeu ni neno zuri zaidi, lakini sijapata kusikia mteja akilipia kizigeu.) Anayefuta tarakimu hizo hajagusa hata picha moja ya harusi. Amefuta njia ya kuifikia.

Katika mtindo wa zamani, uitwao MBR, ulioingia kwenye kompyuta za IBM mwaka 1983, ramani nzima ya diski ni baiti 64: nafasi nne, kila moja baiti 16, mwishoni mwa sekta ya kwanza kabisa. Hazifiki nusu ya ujumbe mmoja wa simu, na miaka sita ya hesabu za samaki ilikuwa imening'inia hapo. Mtindo mpya, GPT, una nafasi 128 kwa kawaida, na huweka nakala ya ramani mwanzo wa diski na nyingine mwisho. Walioubuni walikuwa watu wasioamini mambo kirahisi, na Mungu awazidishie.

Mkasa wa karani ulitokea pale mitindo hii miwili ilipokutana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na flashi za Windows mpya zikaanza kuzunguka. Diski ya karani, ya GB 500, ilikuwa ya MBR. Flashi ya fundi ilikuwa imewashwa kwa utaratibu mpya, ambao hautaki kuweka Windows ila kwenye GPT. Programu ikakataa. Fundi mwenyewe, kijana, alikuja jioni kujieleza, na namsifu kwa kuja.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Ulifanya nini?"

"Ilikuwa inakataa, ami. Nikafuta zote, ikakubali."

Sikumlaumu sana. Skrini ile ya kuchagua patisheni haiandiki "hesabu za ushirika". Inaandika Diski 0, Patisheni 1, Patisheni 2, na ukubwa wake, na chini yake kitufe cha kufuta ni kikubwa kama vingine. Wala hakujua kwamba tangu 2017 Windows 10 imekuwa na kiprogramu kiitwacho mbr2gpt, ambacho mara nyingi hugeuza ramani ya zamani kuwa mpya bila kugusa mafaili. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Amejifunza kazi kwa kutazama video, na video hukatwa kabla ya mteja kurudi analia.

Jambo la kwanza katika hali kama hii ni kuizima mashine. Usiifomati tena, usiweke programu ya kurudisha mafaili juu ya diski ileile iliyopoteza mafaili, na usiendeshe programu ya chkdsk kwa matumaini. Hiyo hurekebisha mambo yawe vile inavyodhani ni sahihi. Uharibifu wa kwanza huwa mdogo. Wa pili, unaofanywa na mtu mwenye haraka ya kusaidia, ndio unaozika.

Halafu huja kunakili. Niliiwasha laptopu kwa flashi ya Linux, nikachomeka diski yangu ya nje ya TB 1, nikaanza kuchukua nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya ddrescue. Kwa diski ya mtindo ule ni karibu saa mbili, umeme ukitulia. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Siku ile ulikatika mara moja, na betri ya karani ina uhai wa dakika nne. Lakini ddrescue huandika kwenye faili mahali ilipofika, na umeme uliporudi iliendelea palepale. Laiti mafundi wote wangekuwa hivyo.

Nakala ilipokuwa tayari, kazi ilibaki kwa TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Haiulizi ramani inasema nini. Inapita juu ya diski ikitafuta dalili za mwanzo wa patisheni.

Hapa Tumbe kazi ya namna hiyo imewahi kufanywa ardhini. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba kijiji cha kale kilichokaliwa takriban kuanzia mwaka 600 hadi 950, kisha kikaachwa. Yapata karne moja baadaye mji wa Chwaka ukainuka jirani. Hakukuwa na daftari la nani aliishi wapi. Kulikuwa na vigae vyenye mifereji, vingi mno, vilivyotumika kusugulia shanga za kombe. Wenyewe walihama, kazi yao ikabaki udongoni.

TestDisk iliiona D ya karani mahali pake, nyuma ya Windows mpya iliyokaa zaidi mwanzoni mwa diski. Nikabonyeza P, majina yakashuka: Mauzo 2019, Mauzo 2020, Nyavu. Sikuirudisha ramani ya zamani, maana ingegongana na mpya. Nilinakili mafaili kwenda nje, basi. Bahati yake ilikuwa diski ya sahani inayozunguka. Ingekuwa SSD, kufomati huambatana na amri ya kuiambia diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe, nayo huisafisha yenyewe kimyakimya. Na laptopu mpya za Windows 11 mara nyingi zimefungwa kwa BitLocker. Ramani ukiipata, bado unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mwenyewe huapa kwamba hakuwahi kupewa.

Hesabu zilipatikana zote. Picha hazikuwa na bahati hiyo, kwa sababu usiku ule wa kupiga Windows kijana aliachia masasisho yapakuliwe, na sehemu yake ikaandikwa juu ya orodha ya majina ya mafaili. Nyingi zilizosalia zilitolewa na programu ya PhotoRec, ambayo humjua mtu kwa sura tu: inatoa picha, inaziita kwa namba ya sekta, f0318 na kadhalika, harusi ya kwanza na ya pili zimechanganyika, na katikati yake picha za pweza na risiti.

Karani sasa hukaa na laptopu kila asubuhi mnada wa samaki ukiisha, akizipa majina moja moja. Harusi moja maharusi walivaa kijani, nyingine zambarau, hivyo anakwenda haraka kuliko nilivyodhani. Zinazomshinda ni za pweza.