Mbwa Anayewahishwa Kutengwa na Mama Hawi Mlinzi, Huwa Mwoga

Wasomaji wanaofuga mbwa wa ulinzi hawachoki kuuliza: mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na umri gani? Wauzaji wengi wana jibu lao la siku zote, kwamba atolewe kwa mama akiwa na mwezi mmoja tu, ili amjue bwana wake peke yake na akue mkali. Wengine huongeza pilipili kwenye chakula chake, au bangi. Huo ni upotoshaji, na unaumiza mnyama na watu.

Mwaka 2011 watafiti wa Italia walilinganisha mbwa 140 kwa kuwahoji wenye mbwa hao. Nusu walikuwa wametengwa na mama wakiwa na siku 30 hadi 40, nusu wakiwa na miezi miwili. Waliowahishwa ndio walioogopa zaidi wakitembezwa, wakashtushwa na kelele, wakabweka ovyo na kuharibu vitu. Mbwa mwenye hofu huuma kwa sababu ya hofu, na hapo hachagui kati ya mwizi na mtoto wa jirani.

Yanayotokea ubongoni yamefuatiliwa kwa undani zaidi kwa panya. Panya akitishika, tezi za adrenali humwaga homoni ya msongo. Homoni hiyo ikifika kwenye hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo, hunaswa na vipokezi, na vipokezi hivyo ndivyo vinavyochochea amri ya kusimamisha umwagaji. Ndizo breki zenyewe. Mwenye vipokezi vichache hubaki na taharuki hata baada ya hatari kupita. Na wingi wa vipokezi hutegemea sana ulimi wa mama! Mwaka 2004, Michael Meaney, Moshe Szyf na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walionyesha kuwa wiki ya kwanza ya maisha ndiyo yenye uzito. Mama akilamba wanawe, mguso ule huongeza kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, na mlolongo unaofuata hupunguza vibandiko vya kikemikali viitwavyo methili kwenye jeni ya vipokezi. Asiyelambwa vya kutosha hubaki navyo, jeni yake ikafanya kazi kwa unyonge hadi ukubwani. Wanaodai kuwa yote ni damu ya ukoo wajue kwamba watoto walibadilishwa: aliyezaliwa na mama mzito wa kulamba, akalelewa na mama hodari, alikua mtulivu.

Si kila kutengwa kunadhuru. Tangu miaka ya 1950, Seymour Levine aliona kuwa panya wachanga waliotolewa kwa dakika chache kila siku walikua watulivu zaidi. Baadaye ikabainika kwamba wakirudishwa, mama huwalamba kwa bidii. Kutengwa saa tatu kila siku ndiko kulikoleta msongo wa kudumu.

Watafiti wa McGill waliweza pia kuiamsha jeni hiyo kwa dawa, lakini waliiingiza moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya, maabarani. Anayeuza vidonge vya "kurekebisha jeni", za mbwa au za binadamu, ni tapeli.

Mtoto wa mbwa akae na mama na ndugu zake walau wiki 8. Ratiba ya chanjo aulizwe daktari wa mifugo. Yatima atafutiwe jike mwingine anayenyonyesha. Akikosekana, asitenganishwe na nduguze, na apapaswe mara nyingi kila siku.