Nyuki wa Shamba na Nyuki wa Shina

Mtu akitumwa kuhesabu nyuki katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, miguu itampeleka moja kwa moja kwenye kina chake, kule kwenye miti mikubwa ambako mchana hufanana na magharibi. Mary Gikungu, mtafiti wa nyuki wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, aliifanya kazi hiyo miaka ya 2000, na akakusanya zaidi ya spishi 200 ndani ya msitu na pembezoni mwake. Ni wengi, lakini ajabu ilikuwa mahali walipopatikana. Vichaka vilivyokuwa vikichipua upya baada ya miti kukatwa, pamoja na maeneo ya wazi, vilikuwa na aina nyingi za nyuki kuliko msitu mkongwe wenyewe.

Hesabu hiyo ikisomwa kijuujuu inaleta hoja ya hatari: basi msitu ukikatwakatwa, nyuki wananeemeka. Anayeitoa hoja hii si mjinga, maana takwimu anazo. Kosa lake ni kuhesabu nyuki kama karani wa ghala anayehesabu magunia bila kufungua hata moja aone kilichomo.

Tuyafungue. Wengi wetu tukisema nyuki tunamkusudia mmoja tu, yule wa mzinga na asali, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera. Huyo ni spishi moja kati ya zaidi ya 20,000 zinazojulikana duniani, na sehemu kubwa ya hao wengine hawana malkia, hawana mzinga, wala hawaweki asali ya kurinwa. Jike huishi peke yake. Huchimba kishimo ardhini, au huingia kwenye bua kavu au tundu lililoachwa na mdudu mwingine, akafinyanga donge la chavua na mbochi, akataga yai juu yake, akaziba mlango na kuanza chumba kingine. Mara nyingi hufa kabla wanawe hawajatoka. Wapo wanaokata vipande vya majani kwa duara safi kama la bikari ili kutandika vyumba vyao. Wapo wale weusi wanene wanaotoboa boriti za paa na kuacha unga wa mbao sakafuni, ambao watu wengi huwafukuza kwa fagio wakidhani ni bunzi. Wataalamu huwaita nyuki seremala, na kwa kweli fundi yeyote angewaonea wivu.

Sasa mchukue nyuki mchimbaji umweke chini ya mti wa mita 30. Ardhi imefunikwa na majani yanayooza, ni baridi na chepechepe, na jua halifiki. Maua yapo juu kabisa, kwenye paa la msitu. Nyuki ni mdudu anayehitaji joto ili misuli yake ya mabawa ifanye kazi; katika utafiti uliofanywa Kilimanjaro, kadiri mtu alivyopanda mlima ndivyo aina za nyuki zilivyopungua, na baridi ilikuwa sababu kuu. Mchimbaji wetu hana raha hapo. Mpeleke kwenye kijia kilichokanyagwa hadi kikawa kigumu, kwenye ukingo wa barabara ya murram au ukuta wa nyumba ya udongo, karibu na magugu yanayochanua mwaka mzima, naye atastawi. Hao ndio wanaoijaza hesabu ya shambani. Ni nyuki halali na wana kazi muhimu, lakini hawakutoka msituni. Walikuja baada ya msitu kuondoka.

Hata hesabu yenyewe ina jicho moja. Mtafiti hubeba wavu, na hutega vibakuli vya rangi ya njano, nyeupe na buluu vyenye maji ya sabuni ambamo nyuki hutua akidhani ni maua. Vyote viwili hufanya kazi kwenye kimo cha binadamu. Uwanjani, kimo hicho ndicho cha maua. Msituni, karamu iko ghorofa ya kumi na sisi tumesimama mlangoni na daftari.

Wa kutazamwa kwa makini ni nyuki wa shina. Afrika Mashariki tunawaita nyuki wasiouma, au nyuki wadogo kwa Watanzania wengi. Wengine hawazidi milimita 3, na ukiwaona wakizengea jasho la shingo yako utadhani ni vijimbu. Hawana mwiba wa kuchoma. Asali yao ni nyepesi na ina ukali fulani wa uchachu, na katika jamii nyingi ilikuwa dawa kabla ya kuwa chakula. Wapo wanaojenga ndani ya vichuguu au chini ya ardhi, lakini spishi nyingi zinazojulikana Kakamega hukaa ndani ya miti yenye mvungu, na mlango wao ni kijibomba cha nta na ulimbo kinachochomoza kwenye gome.

Mti haupati mvungu siku moja. Tawi huvunjika, maji yakaingia, kuvu wakala moyo wa mti, na miaka mingi ikapita kabla nafasi haijatosha kundi la nyuki maelfu. Kwa hiyo miti inayofaa ni ile mikongwe, minene, yenye kasoro. Ndiyo hiyohiyo ambayo mchoma makaa huifuata kwanza, na ambayo msimamizi wa msitu wa mbao huiona haina faida na kuamuru iondolewe. Mrina asali naye, asipokuwa na subira, huangusha mti mzima kwa ajili ya chupa moja. Kipande cha msitu kinaweza kubaki kijani kwenye picha ya setilaiti hali nyumba zote za nyuki wa shina zimeshakwisha ndani yake.

Lakini shida kubwa zaidi ni namna wanavyohama. Nyuki wa asali, kundi linapogawanyika, malkia mzee hutoka na nusu ya familia, wakaning'inia kwenye tawi, kisha wakaondoka kwenda mbali. Hawageuki nyuma. Nyuki wasiouma hufanya kama mtu anayejenga nyumba ya kijana wake kando ya boma. Vibarua hutafuta shimo jipya kwanza, wakalisafisha na kuliziba nyufa, huku wakisomba nta, ulimbo na asali kutoka kiota cha mama. Safari hizo huweza kuendelea kwa majuma kadhaa. Ndipo binti malkia huja, akapandwa, akaanza kutaga. Mama habanduki, tumbo lake limeshavimba kwa mayai na mabawa hayawezi tena kumbeba.

Maana yake ni kwamba kiota kipya hakiwezi kuwa mbali kuliko pale kibarua mdogo anapoweza kwenda na kurudi na mzigo. Kwa spishi ndogo hiyo ni mita mia chache tu. Nyuki seremala ni kiumbe tofauti kabisa. Watafiti waliofunga vijitambo vya redio kwenye migongo ya nyuki seremala wa spishi ya Xylocopa flavorufa pwani ya Kenya, ili kujua chavua ya kunde inaweza kuzifikia kunde mwitu umbali gani, walitangaza mwaka 2008 kwamba baadhi walifika hadi kilomita 6. Kwake yeye shamba la mahindi ni uwanja wa kukatiza. Kwa nyuki wa milimita 3 ni bahari.

Msitu wa Malava, kisiwa kidogo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, umezungukwa na bahari ya namna hiyo, mahindi na miwa. Nyuki wa shina aliyebaki ndani ya kisiwa kama hicho hana anakokwenda, na hana mgeni anayemjia. Hapo linaanza jambo ambalo macho hayalioni.

Jinsia ya nyuki haifuati utaratibu wetu. Yai lisilorutubishwa huwa dume. Yai lililorutubishwa huwa jike, kwa sharti moja: nakala mbili za jeni inayoamua jinsia, ya mama na ya baba, ziwe tofauti. Zikifanana, yai hilo nalo huwa dume, na dume wa aina hiyo kwa kawaida hana uzazi wa maana. Katika msitu mkubwa nakala za jeni hiyo ni za namna nyingi, na kufanana ni bahati mbaya ya nadra. Katika kisiwa chenye viota vichache, namna hizo hupotea moja baada ya nyingine. Malkia wa nyuki wasiouma kwa kawaida hupandwa na dume mmoja tu, hivyo akiangukia dume mwenye nakala inayofanana na mojawapo ya zake, nusu ya mayai yaliyopaswa kuwa vibarua huwa madume wasiofanya kazi. Katika baadhi ya spishi vibarua humuua malkia huyo. Kundi hudhoofika katikati ya maua tele, na mpita njia akisema nyuki wamekufa kwa njaa, hatakuwa na ushahidi wa kujipinga.

Visiwa vya aina hii vipo pia Taita, kusini mashariki mwa Kenya, na huko vinatufundisha kuwa kijani nacho kinadanganya. Picha za angani za mwaka 1955 zilipolinganishwa na za 2004, eneo lote la miti lilikuwa karibu lilelile. Lakini misitu ya asili ilikuwa imepungua kwa nusu, na pengo likajazwa na mikaratusi na misonobari ya kupandwa. Mkaratusi una maua mazuri, na mfugaji wa nyuki wa asali ataupenda. Ila shina lake hukatwa likiwa changa, kabla halijapata mvungu wowote.

Kwenye kilele cha Mbololo, kimoja cha visiwa hivyo vya Taita, huota ua dogo la zambarau, ndugu wa yale yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na kuwekwa dirishani. Huota hapo tu, kwenye miamba yenye kivuli. Ua hili halina mbochi, na chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vya njano. Kuitoa kunataka nyuki wa jenasi Amegilla, anayelikumbatia ua na kutikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, hadi chavua ikamwagika kama unga kwenye chekeche. Kwa kuwa ua halimlipi mbochi, nyuki huyo lazima akanywe kwingine, na kiota chake kiko ardhini. Ukilinda mwamba na ua peke yake umelinda mlango wa nyumba.

Mtikiso huohuo ndio unaotupatia biringanya nzuri, na nyuki wa asali hawezi kuufanya. Huko Nguruman, karibu na Magadi, mashamba ya biringanya yalichunguzwa na ikaonekana kuwa wachavushaji wake wakuu ni nyuki seremala na nyuki wengine wa porini, ambao hutegemea mimea ya asili iliyo jirani wakati biringanya hazina maua.

Pembezoni mwa Kakamega, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimekuwa kikiwafundisha wakulima kufuga nyuki wasiouma kwenye visanduku, na kuligawa kundi badala ya kuangusha mti. Nalipenda jambo hili. Kisanduku kikifungwa nyuma ya pikipiki jioni, nyuki wakiwa wamerudi wote, malkia asiyeweza kuruka huvuka mashamba ya miwa kwa nusu saa. Hata uchache wa damu si hukumu ya kifo: Brazil, makundi mawili tu ya nyuki wa spishi ya Melipona scutellaris yalizalishwa na kugawanywa kwa zaidi ya miaka 10, nayo yakadumu. Ila hapo palikuwa na mkono wa mfugaji, aliyezidisha makundi kila yalipopata nguvu. Kwa msitu usio na mfugaji, anayepeleka kisanduku kimoja amepeleka ukoo mmoja, na hata akikigawa mara nne bado ni ukoo uleule. Cha pili kitoke kwenye shina jingine, na cha tatu upande wa pili wa msitu.