Sikio la Mhakiki na Irabu za Kiingereza

Suala la matamshi ya Kiingereza likitajwa vyuoni, mara nyingi mjadala huishia kwenye kejeli. Anayetamka kwa uangalifu huambiwa anaongea puani, ati anajifanya Mzungu. Asiyejali naye hujitetea kwamba lafudhi yake ndiyo utambulisho wake. Makala haya hayana ugomvi na lafudhi ya mtu. Yanakusudia kuonyesha kwamba kutofautisha irabu zinazokaribiana ni sehemu ya kazi ya mhakiki wa ushairi, maana asipozisikia atahakiki shairi ambalo mshairi hakuliandika.

Tuanze na hesabu. Kiswahili kina irabu tano tu. Matamshi sanifu ya Uingereza, kama yanavyoelezwa katika vitabu vingi vya fonetiki, yana irabu 12 zinazotulia mahali pamoja, na nyingine 8 zinazoanzia mahali fulani kinywani na kuishia pengine. Sasa basi, mwenye vyumba vitano akipokea wageni ishirini, lazima baadhi yao wabanane. Chumba cha "a" ndicho kinachojaa zaidi. Maneno "hat", "hut", "heart" na "hurt", yaani kofia, kibanda, moyo na kuumiza, kwa wengi wetu yote hutoka "hat".

Hebu tuyatenganishe. Katika "hat" ulimi husogea mbele, na sauti huwa kati ya "e" na "a" yetu. Irabu ya "hut" ni fupi, hutoka katikati ya kinywa, nayo ndiyo jirani wa karibu wa "a" ya Kiswahili. Ya "heart" ni ndefu na hutoka nyuma, kama mgonjwa anayeambiwa na daktari afungue kinywa aseme "aa". Ya "hurt" nayo ni ndefu, lakini ulimi hupumzika katikati, haupandi wala haushuki, na midomo haiviringwi.

Kwa upande wa "i", wengi tumezoea kuambiwa kwamba "ship" na "sheep" hutofautiana kwa urefu tu. Jambo hili si sahihi kabisa. Katika "sheep" ulimi huinuka karibu na kaakaa na midomo hutanuka. Katika "ship" ulimi hulegea na kushuka kidogo kuelekea "e". Urefu peke yake hudanganya, kwa sababu irabu za Kiingereza hufupishwa zikifuatwa na konsonanti zisizo ghuna kama t na p. Ndiyo maana irabu "ndefu" ya "beat" yaweza kulingana kwa urefu na irabu "fupi" ya "bid". Anayepima urefu tu atapotea njiani.

Yote haya yanahusu nini fasihi? Tumchukue Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuawa vitani Novemba 1918, wiki moja kabla ya mapigano kusimama. Katika shairi lake "Strange Meeting", askari anakutana kuzimu na adui aliyemuua. Owen anatumia vina vya namna ya pekee: konsonanti zinabaki zilezile, irabu ndiyo inayobadilika, kama "hall" na "hell", au "killed" na "cold". Kwa sikio lililolelewa na vina vya Kiswahili, ambavyo hudai silabi nzima ifanane, hiyo ni guni. Lakini Owen alikusudia hivyo. Sauti zinakaribiana bila kukutana, sawasawa na watu wawili ambao vita viliwanyima nafasi ya kuwa marafiki.

Sasa tazama jozi nyingine ya shairi hilohilo: "moan" na "mourn", kugumia na kuomboleza. Irabu ya "moan" huanzia katikati ya kinywa na kuteleza kuelekea "u". Ya "mourn" ni ndefu, midomo imeviringwa, wala haihami. Vinywani mwetu yote mawili huwa "mon". Yaani matamshi yetu yamemnyooshea Owen kile alichokipinda kwa makusudi! Matokeo yake, msomaji ataona vina kamili hapa, guni pale, kisha aandike kwamba mshairi ameshindwa kudumisha vina. Hukumu hiyo itakuwa imetoka sikioni mwa mhakiki, si katika shairi.

Tahajia nayo haitatuokoa. Soneti ya 116 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609, inafunga kwa "proved" na "loved". Kwa macho ni vina. Kwa matamshi ya leo si vina. Wataalamu wa matamshi ya kale wanaeleza kwamba enzi hizo maneno hayo yaliweza kupatana kisauti. Kwa hiyo mhakiki anahitaji kujua sauti za wakati ule na za wakati huu pia.

Kwa kuhitimisha, hakuna anayetakiwa kuzungumza kama mtangazaji wa London. Kinachotakiwa ni kwamba kabla hujaandika mpangilio wa vina wa shairi la Kiingereza, ufungue kamusi yenye alama za fonetiki, ulinganishe irabu za maneno ya mwisho wa mistari. Ukikuta alama mbili tofauti mahali ambapo wewe unasikia sauti moja, usipapite haraka. Huenda ndipo mshairi alipoweka jambo lake.