Injini Mpya katika Gari Kuukuu



Likizo iliyopita nilikuwa nikishinda katika gereji moja ya jua kali karibu na kwetu, kazi yangu ikiwa kumpokeza fundi spana. Siku moja ilipita pale pikapu kuukuu iliyotiwa injini kubwa kutoka gari jingine. Mwenyewe alijisifu kweli: ati sasa hata mabasi atayapita mlimani! Kupanda, ilipanda. Kasheshe ilikuja wakati wa kuteremka. Wiki haikuisha kabla ya pikapu ile kuvutwa hadi gereji, pua imebonyea, matope ya mtaroni yamejaa mpaka kwenye taa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Fundi aliizunguka mara moja, kisha akauliza swali moja tu: "Na breki ulibadilisha?" Mwenye pikapu akainamisha kichwa.

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilitaka kujua kuna nini hasa katika kutia vitu vipya ndani ya gari la zamani. Nilipopekuapekua niligundua kwamba mabingwa wa kazi hii wako Marekani, na kwamba wao pia huanza na swali lilelile la fundi wetu. Basi twende huko pamoja, ndugu msomaji.

MAGARI YENYEWE

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutia injini kubwa za silinda 8 katika magari ya wastani ambayo vijana wangeweza kuyanunua. Wenyewe waliyaita magari ya misuli. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka wa 1964, Pontiac ilipotoa GTO yenye injini ya lita 6.4. Mwaka huohuo Ford ilizindua Mustang, na Chevrolet ikajibu kwa Camaro, gari la mwaka wa 1967. Mambo yaliharibika miaka ya 1970: bima ilipanda, sheria za moshi zikakaza, na mwaka wa 1973 mafuta yakaadimika.

Magari hayo yalipendeza kwa umbo, lakini tusidanganyane. Chukua Camaro ya 1969. Breki za kawaida zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Aliyetaka diski za mbele alilipa zaidi. Giaboksi moja ya kujibadilisha yenyewe, Powerglide, ilikuwa na gia mbili tu. Mafuta yaliingia kwa kabureta, na asubuhi ya baridi ilibidi kuibembeleza injini. Ndiyo maana wapo wanaolitaka umbo la zamani, lakini moyo wautake wa kisasa.

MOYO MPYA

Injini inayopendwa sana kwa upandikizaji huu ni ya jamii ya LS kutoka kampuni ya General Motors, iliyoanza mwaka wa 1997 katika gari la Corvette. Mojawapo, LS3 ya lita 6.2, ilikuwa na nguvu za farasi 430 katika Corvette ya 2008. Bloku yake ni ya alumini, kwa hiyo ni nyepesi kuliko ile ya chuma cha kusubu. Sasa linganisha: Camaro ya 1969 yenye injini ndogo kabisa ya silinda 6 ilikuwa na farasi 140, tena kwa hesabu ya zamani ambapo injini ilipimwa ikiwa tupu, haijafungwa vyombo vinavyoila nguvu. Hesabu ya sasa, iliyoanza kutumika mwaka wa 1972, hupima injini ikiwa na mizigo yake yote.

Injini hiyo mara nyingi hufungwa na giaboksi ya gia sita iitwayo T-56. Katika gia ya tano na ya sita, injini huzunguka polepole kuliko propela shafti. Faida yake ni kwamba safari ndefu huwa tulivu na mafuta hayaliwi ovyo.

MNYORORO

Hapa ndipo penye siri, msomaji. Gari ni mnyororo. Ukikaza pete moja, mvuto unahamia pete inayofuata. Hebu tufuate.

Kabureta iliridhika na mafuta yenye msukumo wa pauni 6 hivi kwa inchi mraba. LS yataka 58. Kwa hiyo pampu mpya ya umeme, na mabomba yanayoweza kuhimili msukumo huo, ni lazima. Bomba kuukuu la mpira likipasuka juu ya injini ya moto, gari ni kuni.

Injini mpya huongozwa na kompyuta inayosoma habari kutoka kwa vitambuzi vingi: hewa inayoingia, joto la maji, moshi unaotoka. Waya za zamani hazitoshi. Hata waya wa athi uliolegea unaweza kuifanya injini ikohoe, nawe ukadhani plagi ndizo mbovu. Nguvu zaidi pia ni joto zaidi, hivyo radieta hubadilishwa.

Giaboksi ya T-56 ni nene, kwa hivyo mara nyingi sakafu ya Camaro hukatwa na kuinuliwa ili ipate nafasi. Propela shafti nayo hupimwa upya, kwani urefu wa zamani haukubali tena. Inafuata difu. Ikiwa ilitengenezewa injini ndogo, meno yake hukatika kama muwa. Halafu bodi: Camaro ya miaka ile ina fremu ndogo ya mbele iliyofungwa kwa bolti, na wengi huongeza vyuma vya kuiunganisha na sehemu ya nyuma ili gari lisijipinde.

Pete ya mwisho ni breki, na hapa nawakumbusha somo la Fizikia. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya linapokwenda kilomita 50, si mara mbili! Breki kazi yake ni kuigeuza nishati hiyo iwe joto. Dramu hulifungia joto ndani, na likizidi, breki hulegea hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Diski iko wazi, upepo huipoza. Pikapu yetu ilikwenda mtaroni kwa sababu hiyo hasa.

NDANI YA GARI

Wengine hudhani sehemu za ndani ni urembo tu. La hasha! Magari mengi ya kabla ya 1968 yana mkanda wa kiunoni pekee, wala viti havina pa kuegemeza kichwa. Mikanda ya kisasa inayopita begani ni ya kuokoa maisha, lakini lazima ishikwe na chuma imara cha bodi. Ukiifunga kwenye bati jepesi, siku ya ajali itang'oka nawe. Viti vipya vilevile hutaka mashiko yaliyoimarishwa.

Kuna na vituko vidogo. Spidomita ya zamani iliendeshwa na kebo inayozunguka kutoka giaboksi. Giaboksi mpya hutuma ishara ya umeme. Usipotia kifaa cha kutafsiri kati ya hivyo viwili, utakimbia huku mshale umelala kwenye sufuri.

JE, HUKU SI KUHARIBU?

Wapo wanaolia kwamba gari la kale hudhalilishwa hivi. Nawaelewa. Gari lenye injini yake ya kiwandani, namba zikilingana, ni kama hati ya historia, na thamani yake hushuka ukilikatakata. Nionavyo mimi, gari kamili liachwe lilivyo. Lakini lile lililopatikana ganda tupu, injini ilishapotea zamani, heri litiwe moyo mpya kuliko kuoza. Na hata hapo, injini ya asili ikiwepo ihifadhiwe, na vifaa vya kufunga kwa bolti vichaguliwe kabla ya msumeno.

Tamati, wenzangu. Sitawaambia msiguse injini. Wengi wetu tutakuwa mafundi na wahandisi. Nawaambia tu muanzie mwisho wa mnyororo: breki kwanza, kisha difu, mafuta na waya, na injini iwe ya mwisho. Haraka haraka haina baraka. Ile pikapu sasa ina breki za diski mbele. Mwenyewe hataji tena mabasi.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.