Takataka za Kolwezi na ile 15%

Mvua ikinyesha Kolwezi, Dilala ao Manika, mitaro inajaa sashe na chupa, maji inaingia mu nyumba. Tuseme kweli: sashe zile ni sisi tunatupa. Lakini gari ya kubeba takataka iko wapi? Feza iko. Tangu sheria ya madini ya 2018, redevanse yenye kampuni zinalipa inagawanywa hivi: serikali kuu 50%, provensi 25%, mfuko wa vizazi vijavyo 10%, na 15% ni ya komini ao sekta penye mgodi uko. Ile 15% haipiti Kinshasa. Kwa hiyo ulizo letu tunalipeleka karibu, kwa burugumestre: mwaka uliopita ilifika ngapi, na ilinunua nini?