Baruti, fataki, kushindilia: msamiati wa uwindaji kwa bastola za baruti nyeusi

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani wapo wawindaji wanaowafuata kindi na sungura kwa bastola za muundo wa karne ya 19. Bastola hizo hazitumii risasi zenye maganda. Baruti, gololi na fataki huwekwa kila kimoja peke yake, kwa mkono na kwa utaratibu maalumu. Nyingi kati ya zile zinazotumika leo ni nakala za silaha za Colt na Remington, zinazotengenezwa na viwanda vya mkoa wa Brescia nchini Italia.

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa bastola ya aina hii, au riwaya ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), huweza kudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Maneno yapo. Gobore na bunduki ya gumegume zilitumika Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, na lugha ikajijengea msamiati wake. Ugumu ni kwamba baadhi ya maneno hayo yamepanuka au kuhama maana, na katika mada hii neno lililolegea laweza kumjeruhi mtu.

Baruti

Kwa maana yake ya awali, baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Uwiano uliozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. (Kiberiti hapa ni madini ya manjano, maana ya njiti za kuwashia moto ilikuja baadaye.) Leo neno hilohilo hutumika kwa vilipuzi vya kupasulia miamba na, katika maneno *uvuvi wa baruti*, kwa vilipuzi vinavyoharibu matumbawe. Hutumika pia kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, ambayo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884.

Kwa habari ya gazeti, upana huo wa maana hauna madhara. Kwa mwongozo wa bastola, una madhara makubwa. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe kidogo cha kipimo. Mtu akijaza kipimo kilekile kwa baruti isiyo na moshi, shinikizo ndani ya silinda litapita mno lile ambalo chuma chake kiliundiwa, na bastola yaweza kupasuka mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo, neno *baruti* lisiachwe peke yake katika maelekezo:

- Dhaifu: *Jaza baruti katika silinda.*
- Sahihi: *Mimina kipimo kimoja cha baruti nyeusi katika kila tundu la silinda. Usitumie kamwe baruti isiyo na moshi.*

Risasi na gololi

Neno *risasi*, lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachorushwa na bunduki. Maana zote mbili zingali hai, na hapa hukutana katika sentensi moja. Mwongozo ukisema *tumia risasi laini*, msomaji hawezi kujua kama linalozungumziwa ni umbo, ganda au madini. Kinachokusudiwa ni madini: risasi isiyochanganywa na metali nyingine.

Njia nyepesi ni kutumia *gololi* kwa kitu na *risasi* kwa madini: *gololi ya risasi safi*. Mtoto yeyote aliyecheza gololi analielewa umbo lake. Bastola ya Colt ya mwaka 1851, ambayo kipenyo chake hutajwa kuwa inchi 0.36, kwa kawaida hupewa gololi ya inchi 0.375, yaani milimita 9.5, yenye uzito wa gramu 5 hivi. Gololi huwa pana kidogo kuliko tundu kwa makusudi. Inaposukumwa ndani, ukingo wa tundu huikwangua utepe mwembamba, nayo hukaa imebana. Risasi iliyochanganywa na metali ngumu haikwanguki kwa urahisi na huweza kuharibu wenzo wa kushindilia. Neno *safi* katika sentensi hiyo, basi, ni sharti.

Gololi isichanganywe na *marisau*, zile chembe nyingi ndogo zinazotawanyika zinapofyatuliwa.

Fataki

Kwa wengi leo, fataki ni milipuko ya rangi angani usiku wa mwaka mpya. Nchini Tanzania neno hilo limepata pia maana ya mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Katika msamiati wa bunduki, fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Huvishwa kwenye kijibomba kilicho nyuma ya kila tundu la silinda. Nyundo ikiigonga, cheche hupenya hadi kwenye baruti.

Maana hii ya zamani ndiyo sahihi hapa, na haihitaji neno jipya. Katika matini ndefu yatosha kuandika *fataki ya bastola* mara ya kwanza, kisha *fataki*.

Kushindilia, kupakia, kukoki

Kitenzi kinachochaguliwa haraka ni *kupakia* au *kujaza risasi*. Kwa silaha ya kisasa vyote viwili vinafaa. Kwa bastola ya baruti nyeusi, vinaficha hatua iliyo muhimu kuliko zote. *Kushindilia* ni kusukuma kwa nguvu hadi kitu kikae bila nafasi. Ndicho kitenzi cha gobore, ambalo baruti yake hugandamizwa kwa *mdeki*, ufito unaoingizwa mdomoni mwa mtutu.

Bastola hizi si magobore, kwa kuwa hupakiwa mbele ya silinda, si mdomoni mwa mtutu. Hazina mdeki, zina *wenzo* chini ya mtutu. Lakini tendo ni lilelile, na kitenzi ni kilekile. Gololi ikiachwa na pengo kati yake na baruti, shinikizo la mlipuko haliwi la kawaida na silaha yaweza kuharibika. Anayesoma *jaza* hajaambiwa hilo. Anayesoma *shindilia* ameambiwa.

Mfululizo kamili waweza kuandikwa hivi:

*Vuta nyundo nusu ili silinda izunguke. Mimina baruti nyeusi. Weka gololi juu ya tundu, uishindilie kwa wenzo hadi iikalie baruti. Paka mafuta mazito juu ya gololi. Matundu yote yakiisha, ndipo uvishe fataki.*

*Ndipo* katika sentensi ya mwisho lisiondolewe. Fataki ndiyo chanzo cha moto, na huwekwa mwisho ili mkono unaoshindilia usifanye kazi mbele ya silaha iliyo tayari kulipuka. Wawindaji wengi huacha tundu moja kati ya sita tupu na kulaza nyundo juu yake. *Kukoki*, yaani kuvuta nyundo hadi mwisho, hufanyika pale tu mnyama anapoonekana wazi.

Mawindo madogo; kuotea na kunyemelea

Kiingereza hutumia neno moja kwa mchezo na kwa mnyama wa kuwindwa, na tafsiri za kompyuta zimewahi kuzaa *mchezo mdogo* mahali pa kindi na sungura. *Wanyama wadogo* nayo haitoshi, kwani panya ni mnyama mdogo pia. *Mawindo madogo* hutaja ukubwa pamoja na kusudi.

Kitenzi cha tendo lenyewe pia huchaguliwa. *Kunyemelea* ni kusogea polepole bila kusikika. *Kuotea* ni kukaa mahali pamoja na kumsubiri mnyama apite. *Kusaka* ni kuzunguka ukitafuta. Mwindaji wa kindi anayeketi alfajiri chini ya mwaloni anaotea. Anahitaji kuwa karibu, mara nyingi mita 20 au pungufu, na hulenga kichwa ili nyama isiharibike. Akishafyatua, wingu la moshi mweupe humziba macho, na hulazimika kusubiri litawanyike ndipo ajue kama amepata. Mfasiri akiandika *baruti isiyo na moshi* kimakosa, tukio zima hupoteza maana.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda akayakuta maneno haya vitabuni zaidi kuliko porini. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoyachanganya.

Silaha ya kale

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 huiita *ya kale* silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala zake zisizotumia risasi za kisasa zenye maganda. Kwa hiyo bastola iliyotoka kiwandani mwaka jana yaweza kuwa *ya kale* kisheria. Kuandika *bastola kuukuu* au *chakavu* ni kosa, kwani maneno hayo hueleza hali ya kitu, ilhali sheria hutaja aina yake. Ruhusa ya kuwinda nayo ni jambo jingine, na kila jimbo lina kanuni zake; tafsiri isiunganishe mambo hayo mawili.

Kwa ufupi

- *baruti nyeusi*, si *baruti* peke yake
- *gololi ya risasi safi*, si *risasi laini*
- *shindilia* kwa gololi. *Vika* kwa fataki. *Koki* kwa nyundo
- *mawindo madogo*, si *mchezo mdogo*
- *silaha ya kale*, si *silaha kuukuu*