Usimlaumu mke kabla ya mume kupimwa

Mara nyingi mke anayekosa mimba huja kliniki peke yake. Amepimwa huku na huku, amekunywa dawa za kila namna, na mavyaa ameanza kunung'unika. Nikimwuliza, "Mzee naye amepimwa?" hutikisa kichwa. Mzee hana haja ya kupimwa, nguvu zake anazo!

Msomaji, nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu nzuri ni jambo jingine. Katika takriban nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mume huwa na mchango wake katika tatizo hilo. Na ipo kasoro ambayo hata kipimo cha kawaida cha manii hakiioni, nayo ni jinsi DNA ilivyofungashwa ndani ya mbegu.

DNA ni uzi unaobeba maagizo ya urithi. Uzi wote wa seli moja ya mwili wako ukinyoshwa hufikia karibu mita 2, ilhali kiini kinachouhifadhi kina upana wa takriban sehemu 6 za elfu moja za milimita. Huingiaje? Kazi hiyo hufanywa na protini ziitwazo histoni. Histoni 8 hukusanyika zikawa kama bobini ya cherehani, DNA ikaizunguka karibu mara mbili, kisha ikaendelea hadi bobini inayofuata. Uzi haukazwi mno, kwa sababu seli huhitaji kuufungua na kuyasoma maagizo. Ni kama mwenye duka apangaye nguo kwenye rafu ili mteja akitaka shati lishushwe mara moja.

Mbegu ya kiume haihitaji rafu, kwani hiyo ni msafiri. Inapokomaa ndani ya korodani, histoni zake karibu zote huondolewa na nafasi yao kuchukuliwa na protamini. Hizi ni protini ndogo ambazo Friedrich Miescher wa Uswisi alizieleza mwaka wa 1874 baada ya kuchunguza mbegu za samaki wa mto Rhine. Protamini huvutana na DNA kwa nguvu za umeme, zikaishindilia kama robota la mitumba linalongoja meli. Halafu hushikana zenyewe kwa viungo vya salfa, mfano wa mikanda inayolikaza robota.

Kwa njia hiyo kichwa cha mbegu huwa kidogo, na DNA hulindwa safarini. Ulinzi huo ni muhimu kwa maana mbegu iliyokomaa haina uwezo wa kujitengeneza ikiharibika. Ikishaingia katika yai la mama, yai hulifungua robota, likatoa protamini na kuweka histoni upya.

Lakini robota lililofungwa ovyo huharibika njiani. Mbegu isiyofungashwa vyema hukatika DNA kwa urahisi, na hali hii imehusishwa na kukosa mimba na pia mimba kuharibika. Kipimo cha kawaida huangalia wingi wa mbegu, mwendo na umbo lake tu. Kipo kipimo cha DNA iliyokatika, ingawa si cha kila mtu. Daktari ndiye atakayeamua kama kinahitajika.

Ni nini huidhuru DNA ya mbegu? Kwanza ni sigara. Pili ni joto, kwani korodani hutaka ubaridi kidogo kuliko mwili, ndiyo maana zikawekwa nje. Homa kali nayo hudhuru. Nyingine ni mishipa ya damu iliyovimba katika mfuko wa korodani, ambayo inaweza kutibiwa kwa upasuaji.

Kumbuka kwamba mbegu huchukua takriban miezi 3 kutengenezwa na kukomaa. Ukiacha sigara leo, subiri muda huo ndipo upimwe tena. Na kama uliugua malaria mwezi uliopita, mweleze daktari kabla ya kukata tamaa kwa majibu mabaya.

Ikiwa mmejaribu kwa mwaka mmoja bila mafanikio, au miezi 6 ikiwa mke amepita umri wa miaka 35, nendeni hospitalini pamoja. Kuanza kumpima mume hakuhitaji kisu wala kulazwa. Bwana, mkeo amechomwa sindano za kutosha. Sasa ni zamu yako.